Vipambo vya Keki vya Safari za Anga: Tununue Historia, Tusinunue Sifa



Huko Marekani na Uingereza wako watu wanaosaka vitu ambavyo wengi wetu tungevitupa pamoja na makombo: vipambo vya plastiki vilivyochomekwa juu ya keki za watoto miaka ya 1950 hadi 1970. Miongoni mwa vinavyopendwa ni vya safari za anga, kama vile roketi ndogo, mwanaanga mwenye kofia ya duara, na chombo cha kutua mwezini. Huvitafuta kwenye magulio ya vitu vikuukuu na kwenye minada ya intaneti. Vijana wetu nao wanaiona minada hiyo kwenye simu zao, na wazazi wanauliza: je, huu si ubadhirifu?

Rai yetu ni kwamba si lazima uwe ubadhirifu. Inategemea mtu ananunua nini hasa.

Sisi tuliozoea kuchambua mitumba tunaijua raha ya kukuta kitu kizuri chini ya rundo. Kipambo cha anga kina zaidi ya raha hiyo, kwani kimebeba historia. Tarehe 4 Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin akaizunguka dunia, na tarehe 20 Julai 1969 binadamu wakatua mwezini kwa Apollo 11. Mambo hayo yakafika hadi kwenye keki za watoto. Roketi nene yenye mapezi aghalabu inatokana na ndoto za kabla ya safari zenyewe. Chombo chenye miguu minne kama buibui kinatupeleka kwenye Apollo. Chenye mabawa kama ndege kinafuata umbo la Space Shuttle, iliyoruka angani mara ya kwanza mwaka 1981. Mwanafunzi anayejua kutofautisha hayo amejifunza historia na sayansi kwa pamoja.

Hasara huanza pale mtu anaponunua sifa. Bei hupanda kwa sababu tu pakiti haijafunguliwa, na mnunuzi akatoa fedha ya ada ili aonekane anacho wasichonacho wenzake. Kwetu sisi, mwanaanga aliyekatika mkono, aliyenunuliwa kwa bei ndogo na kuelezwa vizuri, ana faida zaidi.

Pia kuna udanganyifu. Neno "zamani" huandikwa hata kwenye kitu cha juzi. Chapa ya Hong Kong, ambako plastiki nyingi za aina hii zilitengenezwa, haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa viwanda vya huko viliendelea kufanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mnunuzi aombe picha za pande zote kabla ya kulipa. Na kijana wetu akiwa ndiye muuzaji, aseme kasoro zote. Kuficha kasoro ni dhulma, hata kama bidhaa yenyewe haizidi kidole.

Lililo kubwa kuliko yote ni afya. Kipambo cha zamani kisirudishwe kwenye keki. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye madini ya risasi kwenye vichezeo mwaka 1978. Kilichopakwa rangi kabla ya hapo hatuna dhamana nacho, na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Isitoshe, plastiki kuukuu hukauka na kumeguka vipande vidogo. Keki ipambwe kwa vitu vipya vinavyofaa kugusa chakula. Vya zamani vikae kwenye kabati la kioo, mbali na midomo ya watoto wadogo.

Basi wazazi, tusiwakataze vijana wetu moja kwa moja. Tuwawekee masharti mawili. Kwanza, kiwango cha fedha kipangwe kabla ya mnada kuanza, na kisizidishwe wakati bei zinapopanda. Pili, kila kipambo kiandikwe kwenye daftari: kinaonyesha chombo gani, safari gani, na mwaka gani. Mwenye vipambo vitano vyenye maelezo ana mkusanyo. Mwenye mia moja visivyo na maelezo ana boksi la plastiki tu.

Wabillahi tawfiq.