Kutoka Malezi Hadi Chumba cha Usaili: Mtihani wa Mama Mtaalamu Mkoani Simiyu

Januari 14, 2025 maelfu ya walimu walioomba ajira serikalini walianza kuingia katika vyumba vya usaili mikoani. Waombaji walikuwa zaidi ya 200,000, na nafasi zilizoshindaniwa zilikuwa zaidi ya 14,000. Kwa kada ya ualimu hilo lilikuwa jambo jipya. Kwa miaka mingi wahitimu walituma maombi kupitia Ofisi ya Rais-TAMISEMI na kupangiwa vituo bila kupimwa kwa usaili. Sasa kila mmoja alitakiwa kuketi, kuandika na kujieleza mbele ya jopo.

Kwa mkoa wa Simiyu, Januari si mwezi wa mapumziko. Mjini Bariadi na katika vijiji vya Itilima, Maswa, Meatu na Busega, pamba iliyopandwa mwishoni mwa mwaka huwa inahitaji palizi, na shule huwa zimefunguliwa. Mama mwenye cheti cha ualimu au uuguzi aliyekaa nyumbani kulea huukuta mwezi huo ukimdai jembe, sare za watoto na kitabu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo lilipo swali la uchambuzi huu: je, mwanamke aliyetumia miaka yake ya ujana kulea anaingiaje katika ushindani wa ajira unaopima kile anachokiweza leo?

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, makao makuu yakiwa Bariadi. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497 mkoani humo, kutoka 1,584,157 waliohesabiwa mwaka 2012. Ongezeko hilo la zaidi ya watu nusu milioni katika miaka 10 lina maana mbili. Kwanza, watoto ni wengi na wanahitaji walimu, wauguzi na maofisa maendeleo ya jamii. Pili, kuna mikono inayowalea watoto hao, nayo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake, wakiwamo wenye taaluma ambazo mkoa unazihitaji.

Sheria za nchi zimemwekea mama aliye kazini ulinzi unaoeleweka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Akirejea kazini, mama anayenyonyesha anaruhusiwa kutumia hadi saa mbili za muda wa kazi kwa ajili hiyo. Ulinzi huu ni mkubwa, lakini unamhusu aliye na mkataba wa ajira. Aliyejifungua kabla hajaajiriwa, au aliyeiacha kazi ya shule binafsi kwa kukosa wa kumwachia mtoto, hana likizo ya kurejea kutoka kwake. Njia yake ya kurudi ni moja tu, nayo hupitia katika chumba cha usaili.

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyehitimu stashahada ya ualimu akiwa na miaka 24, akaolewa na kupata watoto watatu. Akisubiri hadi wa mwisho aanze darasa la awali, huenda atakuwa na miaka 37 au 38. Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa waombaji ambao hawapo katika utumishi wa Serikali. Mwanamke huyu hajachelewa, bali amebakiwa na miaka 7 au 8, na kila tangazo linalopita bila maandalizi hupunguza nafasi yake. Kwa hiyo hasara ya mama anayesema atajiandaa mwakani ni kubwa kuliko ya kijana aliyetoka chuoni mwaka jana.

Ushindani wenyewe ni mkali. Machi 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipoendesha usaili wa kujaza nafasi 1,596, wasailiwa walioitwa walizidi 100,000. Katika mazingira hayo usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida ni wa kuandika, huwa na kazi ya kupunguza idadi kabla ya usaili wa vitendo kwa kada zinazouhitaji na usaili wa mahojiano. Karatasi ya mchujo haimtambui aliyelala mapema wala aliyekesha na mtoto mwenye homa. Huo ni uadilifu wa mfumo, kwa kuwa alama hazitolewi kwa kujuana wala kwa kuhurumiana. Hata hivyo, swali lililo sawa kwa wote halina maana kwamba wote wamepata muda sawa wa kujiandaa.

Ugumu wa kwanza hautokani na maswali, bali na nyaraka. Wanawake wengi walisoma kwa jina la baba, kisha baada ya ndoa wakaandikishwa kwa jina la mume katika kitambulisho au nyaraka nyingine. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili husisitiza kwamba msailiwa ambaye majina yake yanatofautiana awe na hati ya kisheria ya mabadiliko ya jina. Hati hiyo haipatikani kwa kukimbizana na siku ya usaili. Hali kadhalika, msailiwa hutakiwa kufika na vyeti halisi pamoja na cheti cha kuzaliwa, na hati za matokeo hazikubaliwi badala ya vyeti. Mama anayeyafahamu haya miezi sita kabla huyamaliza kwa utulivu. Anayeyasoma katika tangazo siku chache kabla ya usaili anaweza kurudishwa mlangoni, ingawa kazi anaijua.

Ugumu wa pili ni taaluma yenyewe kusonga mbele wakati mhusika yuko nyumbani. Mwalimu aliyehitimu miaka 10 iliyopita alifundishwa kutumia mtaala ambao sasa umebadilika. Utekelezaji wa mitaala iliyoboreshwa ulianza Januari 2024, ukigusa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu miongoni mwa ngazi za mwanzo, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeupanga upya muundo wa elimu nchini. Msailiwa asiyejua mabadiliko hayo hata akijieleza kwa ufasaha ataonekana kuwa mgeni katika nyumba yake. Kwa upande wa afya, muuguzi hutakiwa kuwa amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na leseni iliyoachwa kuisha wakati wa malezi humzuia kabla jopo halijamwona. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini maarifa ya taaluma ni kama mahindi ghalani: yasipoanikwa mara kwa mara, huingia wadudu.

Ugumu wa tatu ndio unaoogopwa zaidi, nao ni swali la mahojiano kuhusu miaka isiyoonekana katika wasifu. Wapo wanaoificha miaka hiyo kwa kutaja kazi ambazo hawakuzifanya, na wapo wanaoiombea radhi kana kwamba kulea ni kosa. Njia zote mbili ni dhaifu. Kudanganya katika maombi ya kazi huhatarisha ajira yenyewe, na kuomba radhi huliachia jopo kazi ya kumtetea msailiwa. Jibu lenye nguvu ni fupi na la kweli: nilikuwa nalea kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, na katika kujiandaa kurejea nimefanya hili na lile. Sehemu ya pili ya jibu ndiyo inayobeba uzito. Mama aliyejitolea kufundisha katika shule ya kijijini kwake, aliyetunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, au aliyekuwa katibu wa kamati ya shule ana la kueleza, mradi aeleze alichofanya na matokeo yake, badala ya kutaja cheo pekee.

Kwa upande wa pili wa meza, waajiri nao wana mipaka. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi kwa misingi ikiwamo jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na katazo hilo linahusu pia taratibu za kuajiri. Jopo lina haki ya kupima kama msailiwa anaifahamu kazi ya leo. Halina haki ya kumkata alama kwa sababu ana watoto wadogo au kwa dhana kwamba atapata mwingine. Swali ambalo baba wa watoto watatu haulizwi, mama wa watoto watatu naye hapaswi kuulizwa. Waajiri binafsi wa Simiyu, kuanzia viwanda vya kuchambua pamba hadi shule na zahanati, wanabanwa na sheria hiyo hiyo.

Yapo mambo ambayo tayari yamepunguza mzigo. Kuendesha usaili mikoani ni moja kati ya hayo. Safari ya kutoka Bariadi kwenda Dodoma kwa njia ya Maswa, Shinyanga na Singida humgharimu msailiwa nauli, malazi na chakula, kwa kuwa kila anayeitwa hujigharamia. Kwa mama anayenyonyesha huongezeka gharama ya msaidizi wa kumshika mtoto nje ya ukumbi. Usaili unapofanyika mkoani, gharama hizo hupungua, na uamuzi wa kwenda au kubaki hauamuliwi tena na nauli. Kadhalika, maombi hutumwa kwa mtandao kupitia Ajira Portal, hivyo mwombaji wa Mwandoya au Lagangabilili mwenye simu na mtandao hahitaji kusafirisha bahasha.

Aidha, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeiweka huduma ya watoto wa miaka 0 hadi 8 katika mipango ya Taifa. Mara nyingi huduma hii hutazamwa kwa manufaa ya mtoto pekee. Kwa Simiyu ni vema itazamwe pia kama sera ya ajira. Kituo cha kulelea watoto mchana kilichosajiliwa na kusimamiwa vizuri humwezesha mama kurejea mtoto akiwa na miaka miwili badala ya mitano. Kwa mama wa watoto watatu, tofauti hiyo inaweza kuwa miaka mingi ya utumishi.

Kuhusu ujuzi, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania hutoa mafunzo ya kuwaandaa watafuta kazi, na Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ina mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu na urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Malampaka, wilayani Maswa, ni mahali pengine ambapo elimu ya watu wazima na stadi za kazi zinapatikana ndani ya mkoa. Pengo lililopo ni la taarifa. Huduma hizi humfikia kwa urahisi kijana aliye mjini na rafiki zake wa chuo, lakini humpita mama ambaye mtandao wake wa taaluma ulikatika siku alipoanza kulea.

Hapa Simiyu ina somo lake yenyewe. Mkoa huu ulijijengea jina nchini kwa kambi za kitaaluma, ambazo wanafunzi wa madarasa ya mitihani waliwekwa pamoja, wakafundishwa na walimu mahiri na kufanya mazoezi ya maswali hadi hofu ya mtihani ikatoweka. Msingi wa kambi hizo ulikuwa kwamba mtahiniwa wa shule ya pembezoni hakosi akili, ila hukosa maandalizi. Msingi huo huo unamfaa mama anayerejea kazini. Maofisa maendeleo ya jamii katika halmashauri sita za mkoa wanaweza kuwatambua wanawake wenye taaluma walio majumbani. Wakaguliwe nyaraka mapema, wapitishwe katika mitaala na miongozo mipya, na wafanyiwe usaili wa majaribio mbele ya watumishi wazoefu. Madarasa ya shule wakati wa likizo yanatosha kwa kazi hiyo, pamoja na chumba kimoja cha pembeni kwa watoto.

Wajibu wa familia nao hauwezi kuachwa nje. Mwezi mmoja wa maandalizi ni saa mbili za kila jioni ambazo mtu mwingine huteka maji, hupika na kulaza watoto. Baba anayezitoa saa hizo hamfanyii mkewe hisani, kwani mshahara utakaopatikana utalisha nyumba nzima.

Usaili mgumu ni haki ya mwananchi anayesubiri kufundishwa au kutibiwa na mtumishi mwenye uwezo, na hakuna sababu ya kuulegeza kwa ajili ya yeyote. Kinachohitajika ni kumfikisha mama mlangoni akiwa na vyeti vyenye jina moja, maarifa ya leo na jibu lisilo na aibu kuhusu miaka yake ya malezi. Akifika hivyo, jopo litapima uwezo wake, nayo Simiyu itampata mwalimu au muuguzi iliyemsomesha zamani na ambaye bado inamhitaji.