VYAMA VIWILI VYA UPINDE: VIUNGANE AU VIBAKI MBALI?



Ndugu yangu katika imani, wiki hii kijana mmoja wa Mombasa anayeishi Marekani ameniletea swali ambalo sikulitegemea. Katika jimbo analoishi kuna vyama viwili vya upinde. Kimoja ni cha wawindaji wa kulungu, kingine ni cha wanaolenga shabaha uwanjani. Sasa limeletwa pendekezo viwe chama kimoja, na wanachama watapiga kura. Yeye ni mwindaji. Kila msimu huingia porini ili watoto wake wapate nyama ya halali. Wenzake wanamwambia akatae, eti wale wa uwanjani watawameza. Anauliza: "Sheikh, nipige kura gani?"

Nimemjibu: kubali, lakini kwa masharti. Nataka na wewe usikie sababu zangu. Hata kama hujawahi kushika upinde, huenda kamati ya msikiti wako ina ugonjwa huohuo.

Kwanza, kumbuka kisa cha watu wa Aslam. Amepokea Bukhari kutoka kwa Salama bin al-Akwa' (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapitia wakishindana kupiga mishale. Akawahimiza, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mpiga mishale, kisha akasema yeye yuko pamoja na kundi fulani. Palepale kundi la pili likashusha mikono. Alipowauliza kulikoni, wakasema watapigaje na yeye yuko upande wa wenzao? Akawaambia wapige, yeye yuko pamoja nao wote.

Zingatia hapo. Makundi yalibaki mawili na mashindano yakaendelea. Kilichoondoka ni ile hofu kwamba mkubwa ana upande. Na hofu hiyo ndiyo inayoua miungano mingi: watu hukubali kuungana, ila hawakubali kutawaliwa na upande mmoja.

Pili, itazame historia ya mchezo wenyewe. Upinde ulikuwamo katika Olimpiki za 1900, 1904, 1908 na 1920. Lakini kila nchi ilikuwa na umbali wake, shabaha zake na hesabu yake ya alama, na mwenyeji ndiye aliyeamua. Mwaka 1904 kule St. Louis walioshindana walikuwa Wamarekani watupu. Baada ya 1920 mchezo ukatolewa. Mwaka 1931 nchi saba zikakutana Lwów, mji uliokuwa Poland na leo ni Lviv ya Ukraine, zikaunda shirikisho moja, FITA, ambalo sasa linaitwa World Archery. Upinde ukarudi Olimpiki mwaka 1972, Munich. Piga hesabu: miaka 52 nje ya uwanja, na hata baada ya kuungana walisubiri miaka 41. Kubomoa ni kazi ya siku moja. Kujenga kunataka subira.

Na mgawanyiko wa huko Marekani una mizizi mirefu. Chama cha taifa cha walenga shabaha kilianzishwa 1879. Wapiga mishale wa porini wakaanzisha chao 1939. Lakini wawindaji wasisahau jambo moja. Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin lilitenga msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde tu. Msimu ni ruhusa ya serikali ya jimbo, na kinachotolewa kwa ruhusa kinaweza kupunguzwa. Siku hiyo ikifika, ni nani atasikilizwa: vyama viwili vinavyogombana au kimoja chenye watu wengi? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu, masharti. Mlenga shabaha akikosa, amepoteza alama. Mwindaji akikosa, kiumbe wa Allah anakimbia na jeraha. Katika hadithi ya Adiy bin Hatim (r.a.) tumefundishwa kutaja jina la Allah, kula kilichochomwa na ncha ya mshale na kuacha kilichogongwa kwa ubavu wake, na kuacha mnyama aliyekutwa amekufia majini, kwa kuwa hujui ameuawa na nini. Na Mtume (s.a.w.) amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Kwa hiyo mambo ya uwindaji yaamuliwe na wawindaji. Uenyekiti uende kwa zamu. Na hesabu za fedha za pande zote mbili ziwekwe mezani kabla ya kura, siyo baada yake.

Utasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kweli, wakigombea jike. Hawa wanahitajiana. Mwindaji anayefanya mazoezi uwanjani mwaka mzima hajeruhi mnyama ovyo. Na uwanja usio na watu wapya hufungwa.

Sasa nakuuliza wewe msomaji: ni kikundi gani mtaani kwako kimegawanyika, na wewe umekuwa ukisema uko na upande fulani? Leo mpigie simu mmoja wa upande wa pili. Msalimie tu, uanzie hapo.

Allah aziunganishe nyoyo zetu, na atujaalie uadilifu tunapopewa uongozi. Aamin.

Wallahu a'lam.