Mfagiaji wa Wizara Naye Alipwe

Oktoba 1, 2025, shughuli nyingi za serikali kuu ya Marekani zilisimama kwa kukosa bajeti iliyopitishwa na Bunge la Congress. Zikapita siku 43, muda mrefu kuliko wowote uliotangulia katika historia ya nchi hiyo, hadi muafaka ulipotiwa saini Novemba 12. Watumishi wengi walirudishwa nyumbani. Wengine, wakiwamo waongoza ndege na askari magereza, waliamriwa kubaki kazini na kusubiri mishahara yao.

Hao wote angalau walikuwa na sheria upande wao. Mgogoro wa aina hiyo uliotangulia, wa siku 35, ulianza Desemba 2018 Rais Donald Trump alipodai dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta mpakani na Mexico. Ukiwa bado unaendelea, Januari 2019, ilitiwa saini sheria inayowahakikishia watumishi wa serikali malimbikizo yao kila shughuli zinaposimama. Mwaka 2025 Ikulu ilitia shaka kama sheria hiyo inawahusu waliokaa nyumbani; muafaka wa Novemba ukathibitisha kwamba nao walipwe.

Katika majengo hayohayo, hata hivyo, kuna watu ambao sheria hiyo haikuwagusa kabisa. Ni wafagiaji, walinzi wa milangoni, wapishi na waosha vyombo wa kantini. Wameajiriwa na kampuni zenye zabuni za serikali, na mara nyingi kampuni hulipwa kwa saa zilizofanyiwa kazi. Mlango ukifungwa hakuna saa za kuhesabu, kampuni haina cha kudai, na mfagiaji hana mshahara. Serikali ikifunguliwa, afisa aliyekuwa nyumbani hupokea fedha zake zote. Aliyekuwa akimsafishia ofisi hupokea ndoo na ufagio wake, basi, na kodi ya nyumba ya mwezi uliopita bado anadaiwa.

Huu ni uonevu, na unawaangukia wenye kipato cha chini kuliko wote katika jengo. Wabunge wanaogombana, kwa upande wao, huendelea kulipwa, kwa kuwa mshahara wao unalindwa na katiba.

Wapo wanaosema fedha za umma haziwezi kulipia kazi ambayo haikufanyika. Hoja hiyo haina miguu, maana afisa aliyerudishwa nyumbani analipwa kwa kazi ambayo haikufanyika, na ni haki yake, kwani hakuchagua kukaa nyumbani. Mfagiaji naye hakuchagua. Zaidi ya hapo, Marekani imeshawahi kufanya hivyo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga ofisi, sheria ya dharura iliyoitwa CARES iliziruhusu taasisi za serikali kuzirudishia kampuni za zabuni gharama za kuwalipa wafanyakazi walioshindwa kufika kazini. Utaratibu huo ulitumika, na hazina haikuanguka.

Wala gharama si kisingizio. Ofisi ya Bajeti ya Congress ilikadiria kwamba mgogoro wa 2018 na 2019 ulipunguza pato la taifa kwa dola bilioni 11, na bilioni 3 kati ya hizo hazitarudi kamwe. Nchi inayoweza kumeza hasara hiyo kwa sababu ya ugomvi wa wanasiasa haiwezi kusema imeshindwa kumlipa mlinzi wa mlangoni.

Seneta Tina Smith wa Minnesota amekuwa akipeleka muswada wa kuwalipa wafanyakazi hao tangu 2019, tena kwa kiwango chenye ukomo, ili fedha ziwafikie wa kipato cha chini. Haujapita. Ukiendelea kusimama peke yake utazidi kukwama, kwa hiyo maneno yake yaingizwe ndani ya sheria ya bajeti yenyewe, ile ambayo pande zote mbili hulazimika kuipigia kura ili serikali ifunguliwe. Na kampuni isipewe senti mpaka ionyeshe kwamba mshahara umemfikia mfanyakazi.