Wanaoshindana ni Wao, Tunaolipa ni Sisi



Kila Jumamosi, katika kambi za mashamba ya chai na miwa na katika mitaa inayozunguka viwanda vyetu, vibanda vya mpira hujaa watu. Wengi wetu hatuna king'amuzi nyumbani. Tunalipa mlangoni, tunabanana kwenye mabenchi, na tunatazama timu za Uingereza zikicheza. Hatuoni aibu kwa jambo hilo. Mtu aliyekata miwa siku sita ana haki ya kustarehe sawa na meneja wake. Lakini ni wajibu wa chama cha wafanyakazi kuuliza: fedha hiyo inakwenda wapi, na kwa nini kuongezeka kwa makampuni ya televisheni hakutupunguzii mzigo?

Tumeambiwa siku nyingi kwamba ushindani ni rafiki wa mnunuzi. Wafanyabiashara wawili wakiuza chumvi katika soko moja, bei hushuka. Hilo hatulikatai. Lakini mpira wa televisheni hauuzwi kama chumvi. Unauzwa kama ng'ombe mnadani. Ng'ombe ni mmoja. Wanaomtaka wakiwa wengi, bei hupanda, na yule anayeshinda ndiye anayetuuzia nyama peke yake. Gharama yake atairudisha kutoka kwa nani? Kutoka kwa mla nyama.

Tuitazame Uingereza kwenyewe, ambako mnada huu ulianza. Mwaka 1988 kituo cha ITV, ambacho mtu alikitazama bila kulipia kadi ya mwezi, kilinunua haki za kuonyesha ligi kwa pauni milioni 44 kwa miaka minne. Mwaka 1992 ligi mpya, Premier League, ilipoanzishwa, ITV ilipigana mnadani na kampuni ya BSkyB inayorusha matangazo kwa setilaiti. BSkyB ilishinda. Mkataba ulikuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano, ikihesabiwa pamoja na sehemu ya BBC iliyopata kuonyesha muhtasari wa mechi. Tangu siku hiyo, mfanyakazi wa Uingereza aliyetaka kuona mechi za ligi moja kwa moja alilazimika kununua dishi na kulipa kila mwezi.

Mwaka 2015 kampuni hiyo, ambayo sasa huitwa Sky, ilishindana na kampuni ya simu ya BT. Mnada ukafika pauni bilioni 5.136 kwa misimu mitatu tu. Ni kweli kwamba idadi ya mechi zinazoonyeshwa iliongezeka, kutoka 60 kwa msimu hadi 168. Lakini hata tukigawa fedha hizo kwa mechi, bei ya mechi moja ilipanda kutoka kama pauni milioni moja hadi zaidi ya milioni 10. Uwanja ni uleule, dakika ni zilezile 90, na mpira ni mmoja.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kumzuia mnunuzi mmoja asichukue mechi zote. Dawa hiyo imekwisha kujaribiwa. Kwa shinikizo la wakuu wa Ulaya, mnada wa mwaka 2006 uligawa mechi katika mafungu, na kampuni ya Setanta ikapata mafungu mawili kati ya sita. Matokeo yake nini? Mtazamaji aliyetaka mechi zote zinazoonyeshwa akatakiwa kulipa mahali pawili. Mechi hii alikuwa nayo huyu, mechi ile alikuwa nayo yule. Huo si ushindani wa kumpendeza mnunuzi. Ni wachinjaji wawili waliogawana ng'ombe mmoja. Na mwaka 2009 Setanta yenyewe ilianguka katika Uingereza.

Hapa ndipo penye funzo kubwa kwetu. Kampuni inapotoa ahadi iliyozidi uwezo wake ili imshinde mwenzake, hatari haiwi ya matajiri peke yao. Kampuni ya ITV Digital iliahidi pauni milioni 315 kwa miaka mitatu kwa ligi ya madaraja ya chini ya Uingereza. Mwaka 2002 ikafa kabla ya kumaliza kulipa. Vilabu vilivyokuwa vimekwisha panga matumizi kwa kutegemea fedha hizo vikaingia katika dhiki. Ligi ilipokwenda mahakamani kuwadai wenye kampuni, Carlton na Granada, ilishindwa, kwa kuwa haikuwa na dhamana ya maandishi kutoka kwao. Ndugu, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata wakubwa wenye mawakili hulizwa kwa kukosa sahihi.

Na sisi tulionja. Mwaka 2007 kampuni ya GTV, yenye makao London, iliingia katika nchi zetu kwa kishindo. Ilikuwa imenunua sehemu kubwa ya mechi za Premier League kwa Afrika kusini mwa Sahara, kwa misimu mitatu, na ilitoza bei ya chini kuliko DStv. Watu walishangilia: ushindani umekuja! Wenye vibanda wakanunua visanduku vipya. Januari 2009, katikati ya mkataba huo, GTV ikatangaza kwamba fedha zimekwisha, ikazima mitambo. Mechi zikarudi kwa SuperSport, chaneli za DStv. Aliyekuwa amelipa mbele akabaki na kisanduku kisichoonyesha kitu, na wafanyakazi wa kampuni wakabaki bila kazi. Bei ya chini ilidumu chini ya miaka miwili.

Tena msidhani kwamba mnada huu ni wa mpira wa Wazungu tu. Januari 2024, Kombe la Mataifa ya Afrika lilipokaribia kuanza kule Côte d'Ivoire, Tanzania, Kongo na Zambia zikiwa miongoni mwa washiriki, wateja wa DStv waliambiwa kwamba hawatayaona mashindano hayo. Haki za eneo letu zilikuwa zimenunuliwa na New World TV ya Togo. Makubaliano yalipatikana dakika za mwisho. Lakini je, ni sawa kwamba mtu asijue mpaka siku za mwisho kama ataiona timu ya taifa lake, timu inayovaa rangi za bendera yake?

Na tusiwasahau wachezaji. Mchezaji ni mfanyakazi. Mtaji wake ni miguu yake, na miaka yake ya kazi ni michache. Mwaka 2017 SuperSport ilijitoa katika mkataba wake na ligi kuu ya Kenya, baada ya mzozo kuhusu kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. Wakubwa walibishana juu ya hesabu ya timu. Vilabu vikapoteza fedha vilizozitegemea. Klabu ikiishi kwa mkono wa mlipaji mmoja, mkono huo ukifunga, mshahara wa mchezaji ndio unaotikisika.

Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Panzi ni makampuni yanayogombea. Kunguru ni wenye ligi wanaouza. Sisi hatumo katika methali hiyo. Sisi ni nyasi zinazokanyagwa.

Basi tufanye nini? Kususia mpira si jibu, wala hatutamwambia mtu avunje sheria kwa kuiba matangazo. Twataka mambo manne.

Kwanza, serikali zetu ziweke sheria kwamba mechi za timu ya taifa, na fainali za Kombe la Afrika na za Kombe la Dunia, lazima zipatikane katika kituo ambacho kila mwananchi anakitazama bila kulipia kadi. Jambo hili si ndoto. Uingereza, nchi ya mabepari wenyewe, ina orodha ya mashindano ya namna hiyo chini ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1996, na Kombe la Dunia limo.

Pili, pasiwe na haki ya kuonyesha mechi peke yako. Mwenye ligi auze kwa kila kituo kilicho tayari kulipa, ili mechi ileile ionekane kwa huyu na kwa yule. Hapo mpira utakuwa kama chumvi: watashindana kwa bei na kwa ubora mbele yetu sisi wanunuzi, badala ya kushindana mnadani mbele ya muuzaji.

Tatu, fedha ambayo mteja amelipa mbele iwekwe mahali pa salama, isiguswe mpaka huduma itolewe. Na kampuni ikifa, mishahara ya wafanyakazi wake itangulie madeni ya mabenki.

Nne, na hili liko mikononi mwetu wenyewe: matawi yaliingize katika madai ya mkataba wa hali bora. Kila shamba kubwa na kila kiwanda kiwe na ukumbi wa wafanyakazi, wenye televisheni na leseni halali ya kuonyesha mpira kwa umma, na usimamiwe na kamati ya tawi. Mwajiri anayejenga klabu kwa ajili ya mameneja hashindwi kuwajengea ukumbi wale wanaomzalishia mali.

Wako watakaocheka na kusema kwamba chama kimeacha mishahara kikafuata mpira. Tunawajibu hivi: mshahara haupimwi kwa kile tunachopokea ofisini tu, bali pia kwa kile tunachonyang'anywa tukiwa njiani kurudi nyumbani. Saa nane za kazi zilipiganiwa ili mfanyakazi awe na saa za kupumzika. Saa hizo nazo zikipigwa mnada, tutakuwa tumepigania ushindi nusu.

Matawi yajadili mambo haya katika mikutano yao, na maoni yaletwe kwa maandishi kupitia makatibu. Ahadi ya mdomo tumekwisha ona inavyoishia.

Umoja ni nguvu!