TAHARIRI YA VIJANA: Mabao unayakumbuka, je, sufuri?

JARIBU swali hili na mabeshte wako. Ni nani waliofungia Harambee Stars dhidi ya Burkina Faso katika Kombe la Afrika (AFCON) la 2004? Shabiki sugu atakutajia Dennis Oliech kabla hujamaliza kuuliza. Akijikuna kichwa kidogo atakuongezea Emmanuel Ake na John Baraza. Sasa muulize nahodha alikuwa nani. Hapo ndipo wengi hunyamaza.

Alikuwa Musa Otieno, beki.

Mechi hiyo ilipigwa Februari 2, 2004 mjini Bizerte, Tunisia. Vijana wa kocha Jacob 'Ghost' Mulee walikuwa washachapwa 3-1 na Mali, kisha 3-0 na Senegal. Tiketi ya kurudi nyumbani ilikuwa mfukoni. Hakuna ambaye angewalaumu kwa kuingia uwanjani wakivuta miguu. Badala yake walishinda 3-0, ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya katika fainali za AFCON tangu tushiriki mara ya kwanza 1972. Ilitubidi kungoja miaka 15, hadi 2019 nchini Misri, kurudi kwenye kipute hicho.

Hadi leo tunasimulia yale mabao matatu. Ile sufuri ya upande wa pili hatuitaji. Lakini sufuri nayo hutafutwa. Kuna mtu aliruka kwa kichwa, akapiga kelele wenzake wajipange, akazuia shuti ambalo halitawahi kuonekana kwenye video yoyote ya mabao.

Otieno alifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1990 hadi mwishoni mwa muongo uliofuata. Alitoka AFC Leopards akaenda Afrika Kusini kuchezea Santos ya Cape Town, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Santos si Kaizer Chiefs wala Orlando Pirates, klabu zenye mamilioni ya mashabiki. Hata hivyo, msimu wa 2001/02 ilizipiku zote ikatwaa ubingwa wa ligi. Na kila timu ya taifa ilipomwita, alipanda ndege akaja, hata katika miaka ambayo usimamizi wa soka yetu ulikuwa vurugu tupu na FIFA kutufungia.

Kwa nini tunakuambia haya wewe uliyezaliwa juzi? Kwa sababu mtaani kila mtoto anataka jezi nambari 9. Na si uwanjani tu. Tunataka kazi inayoonekana, ya kupigiwa makofi na kutrendi kabla ya saa sita. Ikipita miezi mitatu bila kupongezwa, tunaacha tukisema hakuna anayetambua bidii yetu.

Huenda ni kweli hawatambui. Dada anayeweka hesabu za chama bila shilingi kupotea hatajwi mkutanoni. Atatajwa siku pesa zikikosekana. Beki ni vivyo hivyo. Akifanya kosa moja tu, jina lake litakuwa midomoni mwa kila mtu. Akifanya vyema kwa dakika 90, gazeti litaandika kuhusu mfungaji.

Hatukuambii uridhike kupuuzwa. La hasha! Anayefanya kazi ya beki anastahili malipo yake na heshima yake, tena akiwa hai, si kwenye matanga. Otieno mwenyewe ameendelea kutumikia soka baada ya kustaafu, kama kocha msaidizi wa Stars na kupitia wakfu wake wa kulea vijana. Mfikirie yeye na wenzake kabla ya kulalama kwamba Kenya haina mashujaa.

Wikendi hii ukienda kutazama mechi ya mtaa, usifuate mpira tu. Mtazame beki kwa dakika kumi. Halafu mechi ikiisha, mwendee umwambie umemwona.