Kompyuta ya Kwanza ya Mwalimu: Tujifunze Kuchagua, Si Kutaja Tu



Mwalimu mwanafunzi anapoandika ubaoni, "Taja sehemu nne za kompyuta," watoto hujibu kwa sauti moja: skrini, kibodi, kipanya na kasha. Majibu hayo ni sahihi, na mkaguzi akiwapo atatia alama ya vema. Lakini waulize watoto hao hao kilichomo ndani ya kasha ni nini, na kwa nini kimewekwa hicho wala si kingine, nao watanyamaza. Yamkini na mwalimu wao atanyamaza. Makala haya yanatetea rai moja: kila mwanachuo atakayefundisha habari za kompyuta, akiwa na uwezo, aiunde kompyuta yake ya kwanza kwa mkono wake, kwa vipande alivyovichagua mwenyewe. Asiye na uwezo na aiunde kwa maboksi na karatasi, kama nitakavyoeleza.

Rai hii si ngeni duniani. Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani lilitangaza Altair 8800, kompyuta ambayo mnunuzi aliweza kuipata kama furushi la vipande na kuiunganisha nyumbani kwake. Mwaka 1976 Apple ya kwanza iliuzwa ikiwa bodi tu; kasha, kibodi na transfoma mnunuzi alijitafutia. Vijana wa huko waliijua kompyuta kutoka ndani kwenda nje. Kwetu Tanzania, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974, na zuio hilo lililegezwa baada ya miaka mingi. Hivyo wengi wetu tuliikuta kompyuta ikiwa imekwisha kufungwa, tukaifundisha kama kitu cha kutazamwa. Ikiharibika hufunikwa kitambaa ikangojea fundi kutoka mjini, na wakati mwingine hungojea hata darasa zima likamaliza shule.

Faida ya kwanza ya kuchagua vipande ni kwamba humlazimisha mtu kufikiri kwa mpango. Andalio la somo halianzi na zana; huanza na lengo. Kadhalika kompyuta haianzi na prosesa iliyosifiwa dukani, bali huanza na swali: itafanya kazi gani? Mwalimu wa kuandika mitihani, kujumlisha alama na kuwaonyesha watoto picha za mafunzo hahitaji kadi ya picha ya bei kubwa. Humtosha prosesa yenye sehemu ya picha ndani yake. Lakini asome jina lote la prosesa hiyo. Zile za Intel ambazo jina lake huishia kwa herufi F hazina sehemu hiyo, na aliyeinunua pasipo kadi ya picha ataketi mbele ya skrini yenye giza. Kumbukumbu ya GB 8 itamwezesha kuanza, na GB 16 itampa nafasi. Diski na iwe ya aina isiyozunguka, kwa kuwa haina kiungo kinachotembea ndani, nayo hustahimili mtikisiko kuliko ile ya zamani.

Faida ya pili ni kujifunza kwamba sehemu hutegemeana. Bodi mama, ambayo ndiyo hubeba na kuunganisha sehemu zote, haipokei kila prosesa. Prosesa za AMD za soketi AM5, iliyotoka mwaka 2022, hukaa katika bodi za soketi hiyo tu, na bodi hizo hutumia kumbukumbu za DDR5 pekee. Soketi ya Intel ya LGA 1700, iliyotoka mwaka 2021, ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, wala bodi ya aina moja haipokei kumbukumbu ya nyingine.

Jambo hili nililijua kwa hasara. Nilipounda kompyuta yangu ya kwanza nilijiona mwerevu, nikahesabu ncha za kumbukumbu niliyouziwa. Zilikuwa 288, sawa na zilizoandikwa katika kijitabu cha bodi. Nikafurahi, nikalipa. Nyumbani kipande kilikataa kuingia, nami nikasukuma kwa nguvu mpaka mke wangu akaniuliza kama ninatengeneza kompyuta au ninapasua kuni. Ndipo nilipotazama vizuri: DDR4 na DDR5 zote zina ncha 288, lakini pengo la katikati limekatwa mahali tofauti, makusudi, ili mtu kama mimi asikosee. Mwenye duka alikataa kurudishiwa. Nilikuwa nimehesabu pasipo kutazama. Tangu siku hiyo nimewaonea huruma watoto wanaopata jibu la hesabu bila kujua walichokihesabu.

Sehemu ambayo wengi huipuuza ni pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme kwa sehemu nyingine. Kwa kuwa hakionekani kufanya kazi yoyote, mnunuzi hukitafutia bei ya chini kabisa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa huweza kuvunja bodi, diski na prosesa kwa mpigo mmoja. Na atafute chenye alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, ambayo huthibitisha ufanisi wa angalau asilimia 80 katika viwango vya mzigo vilivyopimwa. Hapa pana hesabu nzuri ya darasa la saba: ikiwa vipande vinahitaji wati 120, na ufanisi ni asilimia 80, kisanduku kitavuta wati ngapi kutoka ukutani? Jibu ni 150, na wati 30 hupotea kuwa joto. Tena visanduku vingine vina swichi ndogo ya kuchagua volti 115 au 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Swichi ikiachwa kwenye 115, kisanduku kitaungua mara tu kikiwashwa. Na kisanduku hicho kisifunguliwe kamwe na mwanafunzi wala mwalimu, maana huweza kuhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema kompyuta ya mtumba iliyotoka katika ofisi za Ulaya aghalabu ni nafuu kuliko vipande vipya. Hoja hiyo ni ya kweli, na ambaye haja yake ni kuandika mitihani tu na aifuate. Lakini aifungue kwanza. Baadhi ya mashine hizo zina bodi na pawasaplai za umbo la pekee, zisizoweza kubadilishwa na za kawaida, hata kipande kimoja kikifa mashine yote imekufa. Isitoshe, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Mnunuzi wake awe tayari kujifunza Linux, ambayo ni bure. Basi hata mtumba huhitaji mtu anayejua kuchagua.

Watasema pia kwamba mshahara wa mwalimu mpya hautoshi. Ni kweli. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini na aweke akiba ya fedha, si ya vipande. Anayenunua bodi mwezi huu na prosesa baada ya miezi sita huweza kugundua kasoro ya bodi wakati dhamana yake imekwisha.

Na darasani tufanyeje? Bodi ya kawaida ya ATX ina milimita 305 kwa 244, na ile ndogo ya micro-ATX ina 244 kwa 244. Watoto na wazikate katika maboksi kwa rula, watengeneze na makasha ya kuzitia, wakate na vipande vya kumbukumbu vyenye mapengo mahali tofauti. Kisha kila kundi lipewe kazi moja: karani wa zahanati, mpiga picha wa harusi, mwalimu mkuu. Lipewe kadi za bei na kiasi cha fedha kisichozidi. Lichague, kisha lisimame mbele ya wenzake lieleze kwa nini. Mwalimu asisahihishe haraka. Awaache wenzao wagundue kwamba bodi haiingii katika kasha, au kwamba mpiga picha amenyimwa nafasi ya kuhifadhia picha zake.

Bei zitabadilika, na soketi za leo zitasahauliwa kama zilivyosahauliwa za jana. Mtoto aliyekariri majina atabaki na majina ya vitu visivyokuwapo tena. Aliyezoea kuuliza kazi ni ipi, fedha ni kiasi gani na kipi kinakubaliana na kipi, atauliza hivyo hivyo atakaponunua mbegu, baiskeli au bati za nyumba yake. Lakini hatalijifunza hilo kwa mwalimu ambaye mwenyewe hajawahi kuchagua.