Usinyamaze, fungua kesi

Mwatuuliza kila siku: kushtaki serikali kwasaidia nini?

Tazama Marekani. Mwaka 2013 kesi ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho New York. Waislamu walisema FBI iliwazuia kupanda ndege kwa sababu walikataa kuwapeleleza Waislamu wenzao. Watetezi wa haki walisimama nao, pamoja na kampuni ya mawakili ya Debevoise & Plimpton. 2015, kesi ikiendelea, wakaambiwa wako huru kusafiri. 2020 Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa 0, ikasema afisa mwenyewe aweza kudaiwa fidia. 2024 mahakama ya rufani ikawapa maafisa wale kinga. Pesa hawakupata, lakini ndege walipanda, na mlango uko wazi kwa wengine.

Hapa kwetu, Kifungu cha 22 cha Katiba chakupa haki hiyo hiyo. Mwanao akichukuliwa, andika saa, mahali na nambari ya gari. Piga ripoti, chukua nambari ya OB, tafuta wakili siku hiyo hiyo. Sheria yataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Machozi hayasomwi na jaji, karatasi yasomwa.